Bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba: kazi itachelewa, we chagua isimame wapi

Watu wakiniuliza kuhusu kujenga bwawa la kuogelea, swali la kwanza huwa ni pesa ngapi na la pili litaisha lini, na hilo la pili ndio nataka tuliongelee vizuri leo juu kusema ukweli bado sijaona bwawa la nyumbani huku Kisumu ama Nakuru likaisha ile tarehe kontrakta alitaja siku ya kwanza. Mvua itanyesha, fundi atafiwa, pampu itakwama Nairobi, pesa itaenda kwa karo. Hayo huwezi zuia. Chenye unaweza ni kuchagua kazi isimamie wapi, kwa sababu kuna hatua bwawa linaweza kaa hata mwaka mzima na hakuna kitu kinaharibika, na kuna zingine likikaa wiki mbili peke yake umepoteza ukuta, umepoteza pesa, na Mungu apishe mbali unaweza poteza mtoto wa mtu.

Kwa hivyo yote nitasema hapa chini yanarudi kwa kitu moja: usianze hatua yenye haiwezi kungoja kabla hujakuwa na kila kitu cha kuimaliza.

Makaratasi kwanza, na hii inaweza kungoja hata milele

Plani ikiwa kwa meza haiozi. Kaa nayo. Nenda ofisi za kaunti za mipango ya ujenzi uulize wanataka nini kwa bwawa, mwambie akitekti ama injinia wako ashughulikie NEMA (watu wa mazingira) na NCA (watu wa ujenzi) mapema, na kama unataka kuchimba kisima cha bohoho kwa ajili ya hilo bwawa basi kuna kibali cha WRA (watu wa rasilimali za maji) pia. Usiingize eskaveta ukisema karatasi zitafuata. Zikikosekana kazi inaweza fungwa shimo likiwa wazi, na hiyo ndio hatua mbaya kuliko zote ya kufungiwa.

Wakati unangoja vibali ndio wakati wa kugombana na mke ama mzee wa nyumba kuhusu dizaini. Ngazi zikae upande gani, kina kiwe ngapi, taa ziko ama haziko, chumba cha pampu kikae wapi, watoto wanataka sehemu ya maji mafupi? Malizeni hapo. Mwenye nyumba akibadilisha mawazo vyuma vikishafungwa anachelewesha kazi kuliko mvua yoyote, na fundi hawezi kukwambia hivyo usoni, atasema tu "hakuna shida boss" halafu bili inapanda.

Kalenda ya huku kwetu

Huku magharibi mvua haina adabu. Ile ndefu ni Machi hadi Mei, ile fupi ni Oktoba hadi Disemba, lakini Kakamega na Kisii unaweza nyeshewa mwezi wowote, na Kisumu hata siku ya jua kali Ziwa Victoria linaweza kuleta radi saa kumi jioni. Kipindi chenye unaweza kutegemea kidogo ni kuanzia mwisho wa Disemba mpaka Februari. Sasa shida ni kwamba Disemba hiyo hiyo mafundi wameenda nyumbani krismasi na hardware nyingi zimefunga ama hazina stoki, kwa hivyo mpango wenye naona unashika ni huu: karatasi na BQ (orodha ya vifaa, kazi na bei zake) ziishe Septemba, vifaa vinunuliwe Novemba, shimo lichimbwe wiki ya pili ya Januari watu wakirudi, na konkriti ya sakafu na ukuta iwe imemwagwa kabla Machi haijafika.

Kuna mambo mengine hayako kwa kalenda ya kontrakta lakini wewe yaweke. Januari shule zinafunguliwa, kila fundi ataomba advansi ya karo, jipange mapema. Machi watu wanaenda kupanda mahindi. Oktoba Novemba wanavuna, hasa kama timu yako imetoka pande za Kitale na Bungoma. Agosti ya mwaka shufwa Wabukusu wako na tohara na fundi mwenye kijana wake anatahiriwa hatakuwa saiti hata umlipe mara mbili, na haki si makosa yake. Uchaguzi mkuu pia ni Agosti kila miaka 5, na wiki kadhaa kabla na baada ya hapo watu wengi wanapenda kuwa kwao. Hizi zote zinajulikana mapema kwa hivyo sio dharura.

Udongo ndio unaamua, sio kontrakta

Chimba shimo la majaribio. Moja upande wa kina kirefu, moja upande wa maji mafupi, lishuke karibu mita moja chini ya mahali sakafu ya bwawa itakuwa, na ulichimbe msimu wa mvua kama unaweza. Liache usiku mbili tatu, lakini lifunike na mbao nzito kwa sababu hilo nalo ni shimo mtoto anaweza ingia. Ukipata maji asubuhi pima yamefika wapi na umuite injinia kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simiti.

Ukiwa Nyamasaria hapa Kisumu ama popote kwenye uwanda wa Kano utapata ule udongo mweusi wa pamba, wenye ukilowa unafura na ukikauka unapasuka. Huo unatolewa wote chini ya bwawa na pembeni, halafu panawekwa hadikoo (mawe ya kujazia) na maram (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa. Ukiona kontrakta anasema "tutaongeza chuma tu" bila kuutoa, tafuta mwingine. Ukiwa Riat, kule kilimani Kisumu, shida yako ni mawe, eskaveta itagonga mwamba mita moja tu chini na kazi ya siku mbili igeuke ya wiki mbili na kompresa ya kuvunja mwamba, kwa hivyo kwa mkataba andika kabisa bei ya kuchimba mwamba kwa kila mita moja ya ujazo, usingoje mwamba uonekane ndio muanze kubishana bei huku mashine inakula dizeli. Ukiwa Nakuru, upande wa Kiamunyi ama Njoro, udongo wa majivu ya volkano unachimbika vizuri sana mpaka ufurahi, halafu maji yakiingia kingo zinamomonyoka usiku mmoja, na kuna sehemu za Nakuru ardhi inajulikana kwa kudidimia kwa hivyo ripoti ya udongo huko si anasa.

Na ukiwa karibu na Ziwa Victoria, pande za Dunga hapa Kisumu na zile ploti za chini, kumbuka ziwa linapanda. Lilipanda sana 2020, likapanda tena 2024, na maji ya chini ya ardhi yanapanda nalo. Shimo la majaribio lililokuwa kavu mwaka wa ukame halikupi jibu la miaka 20.

Hii ya maji ya chini nataka uielewe vizuri juu ndio inaua mabwawa. Bwawa tupu kwenye ardhi iliyojaa maji ni mtumbwi, maji yanalisukuma kutoka chini, na linaweza inuka lote ama sakafu ikapasuka katikati. Konkriti nzito peke yake haitoshi kila wakati. Ndio maana injinia anaweka valvu ya kupunguza presha kwenye sakafu, na mfereji wa kokoto na bomba lenye matundu kuzunguka bwawa unaopeleka maji kwa shimo dogo lenye unaweza weka pampu. Ukiambiwa hivyo vitu viondolewe ili kuokoa pesa, kataa.

Shimo likishachimbwa hakuna kulala

Hii ndio hatua haiwezi kungoja. Kabla eskaveta haijaingia kwa geti, vyuma viko saiti, hela ya simiti, mchanga na kokoto iko kando, fundi wa chuma amethibitisha tarehe, pampu ya kutoa maji ya mvua iko, na mabati ya fensi yamefika. Kama moja haiko, eskaveta ingoje. Ni afadhali ulipe mwenye mashine kidogo kwa kumsumbua kuliko uwe na shimo wazi wiki sita.

Fensi ya mabati inawekwa siku ileile ya kuchimba, sio kesho yake. Shimo la mita 2 likijaa maji ya mvua mtoto wa jirani akiteleza hakuna mtu atasikia, na watoto wanapenda maji. Weka geti lenye kufuli, na mlinzi ajue kazi yake ya kwanza ni hilo shimo, mifuko ya simiti ni ya pili. Ule udongo mliotoa uwe angalau mita moja kutoka ukingo, usiurundike hapo ukingoni kwa sababu unasukuma kingo zianguke, na hakuna kibarua anaingia chini ya ukingo uliosimama wima kuzidi mita moja na nusu bila mbao za kuushikilia ama bila kuukata uwe na mteremko. Watu wamefunikwa na udongo kwa mashimo mafupi kuliko hayo.

Mvua ikipiga, toa maji kesho yake asubuhi. Yakikaa yanalainisha sakafu ya shimo na itabidi uchimbe tena ile tope utoe, uweke hadikoo mpya. Alafu kuna mbu. Huku ziwani malaria iko mwaka mzima, na kwa joto letu yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka baada ya siku 7 hadi 10 hivi, so maji yakikaa zaidi ya wiki moja hapo umefuga mbu wa mtaa mzima.

Kama umekwama kabisa, pesa imeisha na shimo liko wazi na Aprili imefika? Usijidanganye utapata pesa wiki ijayo. Rudisha udongo, shindilia, lipande nyasi. Inauma, lakini kuchimba mara ya pili ni bei ndogo kuliko kingo zilizoanguka zikaenda na ukuta wa jirani.

Vyuma na mabomba

Vyuma vikishafungwa kazi inaweza pumzika kidogo, kutu nyepesi ya rangi ya machungwa haina neno. Kutu yenye inabanduka na maganda ndio mbaya, na tope pia, ioshwe kabla ya konkriti. Mabomba yajaribiwe presha kabla ya kufunikwa, na yaachwe na presha wakati konkriti inamwagwa, geji ikishuka mnajua palepale kuna msumari umeingia ama kifundo kimeachia, mnarekebisha dakika hiyo. Bomba likivuja ndani ya konkriti iliyokauka, hiyo ni kuvunja. Matundu ya kunyonya maji chini yawe mawili yaliyoachana, yenye mifuniko mizuri, kwa sababu tundu moja likinyonya nywele za mtoto pampu haitamwachilia.

Siku ya konkriti

Sakafu ya bwawa la mita 8 kwa 4 yenye unene wa sentimita 20 ni karibu mita 6.4 za ujazo, yaani mifuko zaidi ya 50 ya simiti kwa mchanganyiko wenye nguvu. Hiyo imwagwe siku moja bila kusimama. Ukisimama katikati saa mbili tatu kwa jua la Kisumu, ya kwanza imeshaanza kushika na ya pili haishikani nayo vizuri, na hapo ndipo maji yatapitia miaka yote. So wekeni mixer mbili hata kama mtatumia moja tu, petroli ya ziada, vaibreta (mashine ya kutikisa konkriti ishikane) mbili, vibarua wawili watatu wa ziada juu lazima mmoja hatafika, na muanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi mkiwa mnakimbizana na mvua ya jioni. Nailoni ya kufunika iwe imekunjuliwa tayari. Asubuhi ukiona mawingu mazito na mifuko haijafunguliwa, ahirisha. Kuahirisha kabla ya mfuko wa kwanza ni bure, kuahirisha katikati ni gharama yote.

Mahali sakafu inakutana na ukuta lazima kutakuwa na jointi, hiyo inapangwa, inawekwa ule mkanda wa raba wa kuzuia maji. Jointi yenye haikupangwa ndio tunaogopa.

Halafu mnangoja, na hapa watu wanakosa subira kweli. Konkriti inamwagiliwa maji na kufunikwa na magunia angalau siku 7, na nguvu yake kamili inahesabiwa kwa siku 28. Mteja anapiga simu "mbona hakuna mtu saiti?" Kuna kazi inaendelea hapo, ni ya konkriti yenyewe. Lipa kijana mmoja awe anamwaga maji asubuhi, mchana na jioni, ni pesa ndogo sana. Ukiikausha haraka itapasuka nywele nywele.

Hapa ndio pa kupumzikia

Ukuta umesimama, umepata siku zake, udongo umerudishwa nyuma ya ukuta kwa tabaka na kushindiliwa, mfereji wa maji unafanya kazi: sasa kaa. Kama pesa itaisha, iishie hapa. Bwawa linaweza ngoja miezi 6, mwaka, hadi mavuno yaingie ama mkopo wa sako upite. Fensi ibaki. Na kwa ploti zenye maji ya juu valvu ibaki wazi, ama muache maji kidogo ndani yawe uzito, muulize injinia ni kiasi gani. Maji hayo yatiwe klorini ama samaki wa kula viluwiluwi vya mbu.

Mimi kwa kweli nikipanga pesa ya mtu ninaigawa mara mbili tu, ya kufika hapa na ya kutoka hapa. Ile ya kwanza lazima iwe yote mkononi, na juu yake uongeze kama asilimia 20 ya dharura. Ya pili unaweza tafuta polepole.

Jaribu maji kabla ya taili

Ukianza tena, plasta na dawa ya kuzuia maji zikishakauka, jaza maji uache siku kadhaa. Usikubali kuambiwa taili zitaziba. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndoo yawe usawa mmoja na ya bwawa, chora alama zote mbili, rudi baada ya saa 24. Zikishuka sawa ni jua tu limekula. Bwawa likishuka zaidi kuna mahali linavuja, na hata milimita 5 kwa bwawa la 8 kwa 4 ni lita 160 kwa siku. Kutafuta hapo kunaweza chukua wiki mbili, zipe hizo wiki.

Taili nunua zote mara moja na asilimia 10 ya ziada, angalia namba ya bachi (zilizotengenezwa pamoja) iwe moja kwa kila boksi, juu ukirudi baada ya miezi mitatu bluu haitakuwa ile bluu. Pampu na filta ni kinyume, hizo usinunue mapema sana, waranti inaanza kuhesabiwa siku ya risiti na wewe umeziweka stoo. Hiyo pampu na filta ziagize wakati taili zinaanza kubandikwa, zikifika fungua boksi mbele ya mwenye kuleta.

Fundi asipokuja

Fundi mzuri ako na kazi tatu kwa wakati mmoja, hiyo ndio hali. Ukimtukana atahamia kwa yule mwenye hajamtukana. Akiandika "boss leo sitafika, tuna matanga nyumbani", jibu lenye linakusaidia ni "pole sana fundi, poleni kwa familia. Mnazika lini, na utaniachia nani wa kumwagia konkriti maji mpaka urudi?" Umempa heshima yake na umepata tarehe na jina. Matanga huku yanaweza kula wiki nzima, na mtu akiona umemchangia kidogo atarudi kwako kwanza.

Lakini pesa iwe na mpaka. Lipa kwa hatua iliyoisha na kuonekana. Vifaa ulipe mwenyewe kwa hardware, till ama benki, risiti na karatasi ya mzigo zikae kwako. Advansi ya karo mpe kama unamuamini, isizidi kazi ambayo ameshafanya. Shikilia asilimia 10 ya mwisho kwa miezi 6, iandikwe kwa mkataba tangu mwanzo ili isionekane unamdhulumu. Na akipotea kabisa, piga picha za kila kitu, andikeni na mzee wa mtaa ama shahidi kazi imefika wapi kabla fundi mpya hajagusa, maana fundi mpya siku ya kwanza atasema kila kitu kilifanywa vibaya.

Kujaza

Bwawa la 8 kwa 4 lenye kina cha wastani mita 1.4 linakula karibu lita 45,000. Kwa boza (lori la maji) la lita 10,000 hiyo ni safari tano, na zipange zifuatane, usijaze nusu leo nusu wiki ijayo kwa sababu plasta mpya inabaki na alama pale maji yalisimama. Maji ya bohoho yajaribu kwanza: chota ndoo moja, tia klorini kidogo, iache hadi kesho. Ikigeuka kahawia kuna madini ya chuma na bwawa lako litakuwa chai siku utakapotia dawa, tafuta maji mengine ama yachujwe kwanza.

Wiki za mwanzo chokaa ya plasta inapandisha pH (kipimo cha ukali wa maji, asidi ama chumvi) kila siku, so pima kila siku na uishushe polepole hadi ikae kati ya 7.2 na 7.8, klorini iwe 1 hadi 3 kwa kipimo cha miligramu kwa lita. Watoto watakuwa wamesimama hapo na taulo. Wangoje mpaka vipimo vikae sawa siku tatu mfululizo, na ile fensi ya mabati usiitoe mpaka ya kudumu yenye geti la kujifunga iwe imesimama.